Nilivyoziba Mapengo ya Namba Nne

Nitasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana pale sokoni Ruiri tayari wananiita Profesa, na si kwa heshima. Nikiinama kuchagua viazi, yule mama wa viazi ananiambia, "Profesa, usinichanganyie," na wenzake wanacheka mpaka wanashika viuno, na mimi nafunga leso yangu naondoka kama mtu ambaye hakusikia. Lakini ni kweli. Nilivaa koti jeupe la chuo kikuu, nikakalishwa mbele ya watu, nikaharibu kazi ya miaka miwili ya msichana wa watu kwa mikono yangu hii, mara ya kwanza nikiwa shambani na mara ya pili nikiwa nimekaa tu kwenye kiti. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa hivyo mahali mtaona nimeandika vibaya, rukeni msome mbele.

Mambo yalianza na Kendi. Kendi ni msichana wa mwalimu mmoja wa Nkubu, mrefu, mwenye miwani, na anasoma ile digrii ya mwisho, ile ya kuitwa daktari bila kumdunga mtu sindano, na ili apewe hiyo digrii lazima aandike kitabu kizima juu ya maharagwe. (Nilimuuliza, kitabu kizima, maharagwe peke yake? Akasema ndiyo shosho, maana vijana wa huku ndivyo wanavyomwita nyanya, na kuna mwenzake anaandika cha mchwa.) Alikuja kwetu kabla ya mvua ya mwezi wa kumi akiomba vipande vya shamba vya kujaribia mbegu za chuo, zile ambazo walikuwa wanataka kujua kama zinaweza kuvumilia jua la huku Buuri, na tulikubali watu kumi na wawili, mimi na jirani yangu Zipora tukiwa wa kwanza, kwa sababu Kendi alisalimia vizuri na akanywa chai yote bila kuacha kikombe nusu.

Kwangu alipima kwa kamba vipande sita karibu na njia, akapanda mbegu aina sita, akasimamisha vibao sita vyenye namba. Sasa mimi namba hazikai kichwani. Majina ndiyo yanakaa. Naweza kuwatajia wote tuliobatizwa nao siku moja, na mama zao, na nani alilia maji yalipomgusa, lakini mkiniambia namba tatu na namba tano nitawachanganyia hizo mbili kabla ya jua kutua. Kwa hivyo nilivipa vile vipande majina ya wanawake sita tuliobatizwa pamoja: Tabitha, Esta, Lea, Rebeka, Naomi na Debora. Rebeka ndiye alikuwa namba nne. Mkumbuke huyo, ndiye aliyenivua nguo.

Kendi akanipa masharti. Alisimama hapo mbele ya jiko langu akihesabu kwa vidole. "Shosho, usiweke mbolea. Usimwagilie maji. Usinyunyize dawa hata ukiona wadudu. Wewe palilia tu, basi."

Nikamwambia nimesikia. Na nilikuwa nimesikia. Tafadhali mkumbuke masharti yalikuwa hayo tu, kwa sababu baadaye watu walisema Jerusha alivunja masharti, na mimi nawauliza, nilivunja lipi?

Kitu kimoja tu hakikunipendeza siku ile. Kendi alipokuwa anapanda alikuwa anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka thelathini kila mstari. Kwetu kitu chenye uhai hakihesabiwi hivyo. Si watoto, si mbuzi. Ukitaka kujua kama wametimia unaangalia ni nani hayuko. Ukihesabu ni kama unaita kitu kije kipunguze. Lakini yeye ni mtoto wa shule na shule wanahesabu kila kitu, kwa hivyo niliangalia upande.

Mvua ikanyesha siku tatu ikaacha. Siku ya nane nikaenda kuangalia. Tabitha ameota, Esta ameota, Lea ameota vizuri kabisa, Naomi na Debora hawana neno, na Rebeka, jamani, Rebeka alikuwa na upara. Mche mmoja hapa, halafu hatua mbili za udongo mtupu, halafu mwingine pale umepinda shingo. Nikafukua kidogo kwa kidole nikakuta mbegu zimeoza. Nikajiambia, unaona, ni ile kuhesabu. Na nilimwonea huruma Kendi, kwa sababu hakuna aliyemfundisha, na sasa atakuja apate kipande kizima kimekufa, na mwalimu wake mkubwa atamuuliza amefanya nini.

Na kulikuwa na jambo lingine, nisiwafiche. Ilikuwa Jumamosi. Kesho yake Jumapili watu wa kanisa letu wote wanapita hiyo njia yangu. Mwanamke wa hapa akipanda na mbegu isipoota, anaziba. Hiyo si kazi ya kufundishwa, ni kama kufagia uwanja. Anachukua mbegu yoyote iliyo karibu anaziba mapengo, kwa sababu shamba lenye mapengo linamwambia kila mtu anayepita: hapa anaishi mvivu. Mimi nina miaka ya kuitwa nyanya na hakuna siku shamba langu limesema hivyo.

Nikaingia ndani nikachukua kibuyu cha mbegu za mama mkwe wangu, Maritha Ciakuthi, ambaye alinipa zile mbegu mwaka niliozaa Muriungi, na nimekuwa nikizipanda kidogo na kuzihifadhi kwa majivu tangu siku hiyo. Ni maharagwe mekundu yenye madoa, na yale ya Rebeka pia yalikuwa mekundu yenye madoa, ndugu na ndugu. (Tofauti yao ni moja, la Maritha lina duara jembamba jeusi kuzunguka jicho. Lakini hiyo lazima uwe umeyachagua kwenye ungo miaka mingi ndipo uione.) Nikachukua mti mdogo wenye ncha, nikatoboa, nikatia, nikafunika, pengo baada ya pengo, na sikuhesabu hata moja. Nikamaliza, nikanawa mikono, nikaona nimemsaidia mtoto wa watu.

Kendi alikuja baada ya wiki mbili na daftari lake. Nilikuwa jikoni nikamwona kupitia mlangoni ameinama kwa Rebeka, akainuka, akainama tena. Akaniita.

"Shosho, hii namba nne. Mingine ni mikubwa na mingine ndiyo inatoka."

"Mimea ni kama watoto," nikasema. "Wengine wanachelewa."

Nilidhani ataridhika. Badala yake aliandika ukurasa mzima. Akaniambia huenda mbegu hii haitoki yote mara moja, inatoka kwa zamu, ili jua likiua ya kwanza ya pili ibaki, na macho yalikuwa yanamwaka nyuma ya miwani. Mimi sikuelewa mbegu inajuaje zamu, lakini nani ananiuliza.

Halafu jua likaja. Mnalijua jua la Ruiri likikasirika. Mwezi wa kumi na mbili hakukuwa na tone. Tabitha akaanguka, Esta akawa njano, Lea akabaki vijiti. Rebeka akasimama. Akatoa maua, akatoa maganda, na mimi nilipokuwa napalilia nilikuwa naona kabisa kwamba yanayozaa vizuri ni ya Maritha na si mengine, lakini kichwani mwangu hilo halikuwa jambo. Shamba limezaa, limezaa. Ni nani akila anauliza haragwe lilipandwa na nani?

Kendi alikuwa anapita sasa kila wiki, na siku moja akanishika mkono. "Shosho, niambie ukweli. Kuna kitu umeifanyia hii namba nne ambacho hujazifanyia zile zingine?"

Hapo ndipo ningesema. Lakini angalieni swali. Mbolea sikuweka. Maji sikumwaga. Dawa sikunyunyiza. Nikamjibu, "Nimepalilia tu, kama ulivyoniambia," na nikamwona anapumua kama mtu aliyeteremsha kuni. Tukavuna, akapima kwa mzani wake mdogo, akaweka kila kitu kwenye mifuko ya karatasi yenye namba, akaenda navyo vyote chuoni. Kibuyu changu kilibaki na majivu tu, lakini sikujali, nilijua ataniletea kidogo.

Wiki kadhaa zikapita. Zipora akaja kwangu na karatasi imekunjwa ndani ya Biblia. Zipora alisoma mpaka la saba, kwa hivyo anasoma kila kitu kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Ilikuwa ni kijarida cha chuo, kile wanachotoa kueleza utafiti wao na habari za jamii, na ukurasa wa pili nilikuwa mimi, na leso yangu ya bluu, nimesimama kando ya Rebeka nimekunja uso kwa sababu jua lilikuwa linaniingia machoni.

"'Mbegu namba nne,'" akasoma Zipora, "'imeonyesha uvumilivu wa ajabu katika mashamba kumi na moja kati ya kumi na mawili, lakini zaidi katika shamba la Bi. Jerusha.' Mama Muriungi, wewe ni wa gazeti sasa. Utatusalimia kweli?"

"Soma tena hapo kwa namba nne," nikasema.

Akasoma tena. Nikahesabu kwa vidole, Tabitha, Esta, Lea. Rebeka. Nikashangaa. Rebeka gani huyo anayesifiwa? Rebeka mwenye upara? Na hayo mashamba mengine kumi yanahusika vipi? Nikamwangalia Zipora, na Zipora ghafla akawa anakunja ile karatasi kwa uangalifu sana, hanitazami.

Jioni nikampigia Kendi simu, nikijiambia nitamweleza polepole. Akashika kabla haijalia mara mbili. "Shosho, nilikuwa nataka kukupigia. Umeniokoa. Profesa amesema namba nne ndiyo itabeba kitabu changu chote. Walikuwa karibu kunikatia masomo, si unajua muda wangu umeisha? Sasa nitamaliza mwaka huu." Na alikuwa analia, kile kilio cha furaha ambacho ukikisikia huwezi kumwambia mtu habari ya mapengo. Nikamwambia Mungu ni mwema. Nikakata simu nikakaa na giza jikoni, sijui kama nimefanya vizuri au vibaya.

Siku ya wageni chuoni walituletea basi. Tulienda wote kumi na wawili, na watu wa kanisa waliopata nafasi. Nilidhani tutakaa nyuma tule mandazi. Lakini Kendi alinipokea mlangoni pa ule ukumbi akanivalisha koti jeupe refu, mikono yake inafika chini ya vidole vyangu, na mimi nikaingiwa na wasiwasi nikidhani tunaingia kwa wagonjwa. Akasema, "Hapana shosho, ni heshima. Leo wewe ni mtafiti mwenzangu." Akanikalisha mbele kabisa, kando ya meza ndefu iliyokuwa na sahani sita za maharagwe yaliyotoka shambani kwangu, na juu yangu ukutani kulikuwa na ile picha yangu ya kukunja uso, sasa ni kubwa kama mlango wa kanisa. Nilikuwa nikiinua macho najiona, nikiyashusha naona maharagwe.

Wakaongea Kiingereza kwa muda mrefu. Profesa Njagi, ambaye ni mwalimu mkubwa wa Kendi, mtu wa Embu, mfupi, mtulivu, alionyesha mistari inayopanda na kushuka ukutani na watu wakawa wanatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa nasikia jina langu likipita kama gari barabarani, nageuka, limeshapita. Kendi alikuwa amesimama kando na karatasi zake, na wazazi wake, yule mwalimu wa Nkubu na mkewe, walikuwa wamekaa mstari wa tatu wamevaa nguo za harusi.

Sasa sikilizeni. Mwanamke ukimkalisha mbele ya maharagwe kwa saa nzima na hana la kufanya, mikono yake itafanya nini? Sikuamua. Mikono yangu haikuniuliza. Sahani ya namba nne ilikuwa ndiyo karibu, na mimi huku natazama mistari ya Profesa, vidole vilikuwa vinavuta, vinageuza, vinaweka huku, vinavuta, vinaweka kule, kama ninavyofanya nikisubiri chungu kichemke. Nilishtuka tu nikisikia Profesa amenyamaza. Halafu akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, kwamba mbegu hii ya namba nne itapewa wakulima wote wa Ruiri msimu ujao, na itaitwa Kendi, jina la aliyeitafiti, na sasa anamwomba Mama Jerusha aseme siri ya shamba lake. Akanigeukia. Na akaona meza.

Kulikuwa na vilima viwili. Kimoja kikubwa, kimoja kidogo.

"Mama, unafanya nini hapo?" akauliza, taratibu tu.

"Nachagua."

"Unachagua nini?"

"Haya na yale."

Akaja akainama. Akachukua haragwe kutoka kila upande, akayaleta karibu na macho. "Mimi naona ni kitu kimoja."

"Angalia jicho," nikamwambia. "Haya yana duara."

Akavaa miwani nyingine juu ya ile aliyokuwa amevaa. Akaita mama mmoja kutoka mstari wa mbele, simjui alikuwa ametoka wapi, anaitwa Felista Gatwiri, akamchanganyia maharagwe yote na kumwomba atenganishe, na Felista hakuchukua hata dakika mbili, vilima vikawa vilevile viwili. Profesa akanyoosha mgongo, na hakuniangalia mimi. Alimwangalia Kendi.

"Kendi. Hizi ni mbegu mbili tofauti. Ni nani alichanganya?"

"Sijui, Profesa."

"Mifuko ilikuwa na wewe. Funguo za stoo zilikuwa na wewe."

"Sijachanganya."

"Ulikuwa umebakiwa na muda mfupi," Profesa akasema, kwa ile sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele, "na ghafla namba nne ikafaulu karibu kila shamba."

Mimi nilikuwa sielewi vizuri. Nilielewa tu uso wa yule msichana, ulivyogeuka rangi ya jivu, na mama yake kule mstari wa tatu aliyeinuka nusu akabaki hivyo, hajakaa wala hajasimama. Wanasema ameiba. Hilo nililielewa. Wanamwita mwizi mbele ya mama yake kwa sababu ya kibuyu changu.

Nikasimama. Lile koti likanikwaza nikashika meza, sahani ya Tabitha ikaanguka, maharagwe yakatawanyika chini mpaka miguuni pa wageni, na nikaongea kwenye kile chombo cha sauti ambacho kilipiga mluzi kabla yangu.

"Ni mimi," nikasema. "Mapengo niliziba mimi."

"Mapengo gani, mama?"

"Ya Rebeka."

Profesa akatazama karatasi zake. "Rebeka ni nani?"

Sasa jaribuni kueleza Rebeka ni nani mbele ya watu wa chuo kikuu. Nilieleza. Nilieleza ubatizo, nilieleza upara, nilieleza Jumapili na njia ya kanisa, nilimtaja Maritha Ciakuthi na kibuyu chake, na kadiri nilivyoeleza ndivyo watu walivyoanza kuziba midomo kwa mikono, na kijana mmoja wa kupiga picha alicheka mpaka akaweka kamera chini. Profesa hakucheka. Akaniuliza niliziba mapengo mangapi.

"Sikuhesabu," nikasema. "Kwetu hatuhesabu."

Hapo ukumbi ulilipuka wote. Nilisimama pale na mikono ya koti ikining'inia kama ya sanamu ya kufukuza ndege, na picha yangu juu imenikunjia uso, na nikatamani sakafu ile ya vigae ifunguke. Lakini Profesa aliinua mkono na watu wakanyamaza, akasema, "Mama, nashukuru kwa kusema. Lakini hilo ni shamba moja. Namba nne ilifaulu katika mashamba kumi na moja." Akamgeukia tena Kendi. Na nikaona kwamba sikuwa nimemtoa mahali popote.

Basi nikafanya kitu ambacho marafiki zangu wengine hawajanisamehe. Nikageuka nikatazama mstari waliokaa wakulima wenzangu. Sikumtaja mtu. Nilitazama tu, na nilimtazama Zipora kwa muda mrefu kuliko wengine, nikikumbuka alivyokunja ile karatasi.

Zipora akatazama viatu vyake. Akatazama dari. Mwishowe akainuka akivuta sketi. "Hata mimi niliziba," akasema. "Lakini mimi niliziba kidogo."

"Na mimi," akasema Agnes Kathure bila kusimama.

Akafuata Joyce Kananu, akafuata Mama Gitonga, akafuata Beatrice wa kinu, akafuata Mzee Mbijiwe, ambaye alisema si yeye, ni mke wake, na mkewe Susana akamwambia aketi chini asitafute njia. Mmoja baada ya mwingine. Kila mtu na mbegu yake ya nyumbani, kila mtu alichagua nyekundu yenye madoa ili isionekane kama kiraka. Kumi na moja kati ya kumi na wawili. Aliyebaki ni Lydia Nkatha, na Lydia alisema yeye angeziba lakini alikuwa amelazwa hospitali, na kwa kweli namba nne yake haikuzaa kitu, Kendi aliandika kuwa shamba lake lina udongo mbaya.

Profesa Njagi alivua ile miwani yote miwili akakaa kwenye ukingo wa meza, kati ya maharagwe. Halafu akauliza, "Kendi, katika masharti uliyowapa, kuna mahali uliwaambia wasizibe?"

"Hapana," Kendi akasema. Sauti haikutoka vizuri. "Sikufikiria."

"Na mimi niliyapitia hayo masharti nikatia sahihi," Profesa akasema. "Nimelelewa na mama ambaye asingelala na pengo shambani. Nilijua hilo nikiwa na miaka mitano." Akatikisa kichwa. Akasema Kendi hakuiba, na hilo lisirudiwe na mtu yeyote. Akasema pia kwamba kitabu hakiwezi kusimama juu ya kazi hiyo, kwa hivyo atamwombea muda wa msimu mmoja, na kazi yote ianze tena tangu mbegu ya kwanza. Mama yake Kendi ndipo alipokaa.

Mandazi yalikuwepo mwishoni lakini sikula. Nilimtafuta Kendi nikamkuta nje, upande wa nyuma wa ukumbi, amekaa kwenye ngazi. Nilikuwa bado na lile koti, sikujua limefungwaje. Nikamwambia, "Mwanangu, nilidhani nakusaidia."

Alinyoosha mkono akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalikunja akaliweka magotini, na sikuona hata kama amenikasirikia au amechoka tu. Nikarudi kwa basi. Ndani ya basi Zipora alinipa mgongo mpaka Ruiri, isipokuwa mara moja alipogeuka akasema, "Ungeangalia mtu mwingine, Mama Muriungi. Kwa nini mimi?"

Nimelifikiria jambo hili sana na bado linanichanganya. Mtu wa utafiti anataka mbegu mbaya ionekane kuwa ni mbaya, ndipo ajue. Hiyo naielewa nikielezwa. Lakini nikisimama mbele ya udongo mtupu, akili inaelewa na mikono haielewi. Kwa hivyo nimeweka nadhiri, na nimewaambia wenzangu wote waweke: mtu akija na mbegu zake na daftari lake, kabla hajafungua kamba ya kupima, nitamuuliza, na zisipoota nifanye nini? Nitamuuliza mbele ya watu. Na atakachosema nitakishika, hata kama kinaniaibisha.

Kendi alirudi mvua ilipokaribia. Sikutarajia. Alisimama pale pale mbele ya jiko, akanywa chai, nusu tu safari hii, akasema masharti yake yale matatu. Nikamwuliza swali langu. Akasema, "Ziache shosho. Hata kama ni kipande chote."

"Hata watu wakinicheka?"

"Hata wakikucheka."

Wiki hii mbegu ziko juu. Namba nne ina upara mbaya kuliko ule wa kwanza, unauona kutoka barabarani, na jana Agnes Kathure alisimamisha punda wake akaniuliza kama nimekuwa mgonjwa. Kendi atakuja Alhamisi kuhesabu. Leo ni Jumanne. Nimepita hapo mara nne tangu asubuhi, na mara zote nne nimeshika mikono nyuma.